Kura ya Mama Zenebech

Kaka yangu Getahun ndiye aliyemwambia mama kwamba ana vidonda vya tumbo. Alimwambia kwenye ngazi za hospitali huku amemshika mkono, na mama akaitikia, "Basi ni pilipili," akaendelea kushuka. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba shuka lake. Nilikuwa nimemsikia daktari kwa masikio yangu. Alikuwa amesema saratani ya umio, njia ile ya chakula kati ya koo na tumbo, na kwamba haiwezi kukatwa tena kwa sababu imekwisha kufika kwenye ini.

Sikumlaumu Getahun. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa hapewi jina la ugonjwa ikiwa jina lenyewe laweza kumvunja moyo kabla ugonjwa haujafanya hivyo. Jamaa zake hulibeba kwa niaba yake. Baba yetu alikufa bila kujua alikuwa na nini, na watu walitusifu kwa jinsi tulivyomtunza.

Mama akaacha pilipili. Kwa mwanamke aliyekuwa akisaga pilipili ya mtaa wetu mzima wa Shiro Meda, hilo halikuwa jambo dogo. Aliifunga mtungini akauweka juu ya kabati, akawa anakula mchuzi mweupe wa dengu usio na ladha, kidogo kidogo, kwa sababu injera, mkate wetu laini wenye matundu, ilikuwa haipiti tena kooni. Kila akikwama alisema, "Vidonda hivi vina kiburi." Getahun alikuwa akimpa vidonge vyeupe vya tumbo asubuhi na jioni, na mama alikuwa akimwambia asante mwanangu, Mungu akuzidishie.

Mfungo Mkuu ulikuwa umeanza tulipoitwa tena hospitali, mimi na Getahun tu. Safari hii tulimkuta daktari mwingine, Selamawit, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alituambia kwamba Jumatano mama ataanza dripu ya dawa za saratani, ile ya kawaida. Haitamponya. Inaweza kumpa muda, na inaweza kumfungulia koo kidogo apate kumeza.

"Pia kuna utafiti," alisema. "Kuna dawa mpya ya vidonge. Tunataka kujua kama ukiiongeza kwenye dripu mgonjwa anaishi zaidi. Wote wanapata dripu. Nusu wanaongezewa vidonge, nusu hawaongezewi."

"Mama yangu apewe vidonge," alisema Getahun.

"Sichagui mimi. Inapigwa kura."

"Kura?"

"Kura. Na kabla ya hapo lazima nikae na mama yenu nimweleze ana ugonjwa gani, dawa ni ipi, na hatari yake ni ipi. Akikubali anaingia. Akikataa anapata dripu yake kama kawaida."

Getahun aliegemea kiti. "Hajui ana ugonjwa gani."

"Najua kwamba hajui. Ndiyo maana nimewaita."

"Mimi ni mwanawe wa kiume. Nitatia saini mimi."

"Mama yako ana akili timamu?"

"Anatuzidi sote."

"Basi kaka yangu, saini yako hainisaidii." Alisema hivyo bila ukali. "Na dripu ya kwanza ikishaingia mwilini, mlango wa utafiti unafungwa. Hawapokei mtu aliyekwisha kuanza. Tuna mpaka Jumatano."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Getahun ni mfumaji, mchana kutwa miguu yake imo shimoni chini ya kitanda cha kufumia, na akikasirika hutembea upesi kama anayeidai barabara kitu. Nilikuwa nakimbia nyuma yake.

"Wanataka kumfanya mama panya," alisema.

"Hakusema hivyo."

"Wewe ulimwelewa sana, eh? Msomi wa jioni. Tangu uanze kukaa darasani na watoto wa watu umekuwa mwanasheria."

"Nilimwelewa alipokuwa anasema mama aulizwe."

"Akiulizwa atajua. Akijua atakufa kabla ya Pasaka. Unamjua mama. Alilia wiki nzima mbuzi wa jirani Felekech alipogongwa."

Hapo alinishinda, kwa sababu ni kweli alilia. Lakini usiku huo wakati wa sala nilishindwa kumaliza. Kila nilipofika mahali pa kumwombea mama, nilikuwa nasema kwa Mungu neno ambalo mama mwenyewe hakuruhusiwa kulisikia. Niliona kama ninamsengenya. Nikaomba tu, "Bwana, tufungue vinywa," nikalala.

Jumamosi nilimwambia Getahun tena, na Jumapili baada ya ibada. Aliniambia nisimsumbue. Jumatatu alikuja kumpa mama vidonge vyake vya tumbo, akamkuta anapangusa ule mtungi wa pilipili.

"Nauangalia tu usije ukaota ukungu," mama alimwambia. "Mkeo akijifungua, vidonda vitakuwa vimefunga. Siku ya ubatizo nitampikia mchuzi wa kuku mwekundu mpaka macho ya padri yatokwe na machozi."

Getahun alitoka nje. Nilimkuta amesimama ukutani, paji la uso limegusa bati.

"Aambiwe," alisema bila kugeuka. "Lakini asiambiwe na mtu wa koti jeupe, amekalishwa kwenye kiti cha chuma. Aambiwe nyumbani, awe na watu wake."

Nikaona ni neno la haki. Nikaenda kwa padri Abba Melaku, baba wa roho wa mama, nikamweleza. Abba alishika msalaba wake mdogo wa mkononi akafikiri. "Nitakuja mimi," alisema. "Mwambie Felekech aje, na wanawake wawili wa chama cha mazishi, wale wanaompenda. Asisikie akiwa peke yake. Tuje mapema, kabla hajatoka kwenda majini." Mama alikuwa akipanda kila asubuhi kuoga maji ya baraka kule mlimani Entoto, naye Abba alilijua hilo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi. Sasa nikiwaza nashangaa, maana mtoto mdogo wa mtaa wetu angetuambia. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu wala haisemwi jioni. Watu hukusanyika kimya, wakamwendea mwenye msiba alfajiri, padri akiwa mbele, wakabisha hodi kabla jua halijatoka. Mtu akifungua mlango saa kumi na moja na kumwona padri na majirani wanne wamesimama barazani, hahitaji kuambiwa neno. Tena kulikuwa na baridi, na wale wanawake, kwa kuwa waliitwa kwenye jambo la huzuni, walikuwa wamejifunga mashuka yao meupe pindo la rangi likiwa juu, shingoni, jinsi tunavyovaa msibani.

Mama ndiye aliyefungua. Alikuwa na ndoo mkononi, yenye maji ya baraka yaliyobaki jana. Alimtazama Abba, akamtazama Felekech, akatazama lile pindo. Ndoo ikaanguka.

"Aregash," alisema.

Aregash ni mdogo wetu, wa mwisho, anayefanya kazi za ndani Beirut.

"Mama Zenebech, tulia kwanza," alisema Abba.

"Mwanangu. Wamemtupa kutoka ghorofani. Nilijua. Nilimwambia asiende." Alikuwa ameshavua kitambaa cha kichwa na kujipiga kifua kwa ngumi zote mbili. Felekech, ambaye naye anaogopa kilio kuliko kitu chochote, akaanza kulia pamoja naye, na wale wengine wawili wakafuata, kwa kuwa mtu akimlilia Aregash, Aregash ambaye wao wenyewe walimjua tangu anatambaa, utafanyaje usilie. Majirani wa upande wa pili wakatoka na mablanketi. Katika kelele ile Abba alikuwa akirudia, "Hapana, hapana, sikilizeni," na hakuna aliyemsikiliza.

Getahun ndiye aliyemshika mikono. Alipiga magoti chini kwenye matope ya maji ya baraka akamshika mikono yote miwili. "Mama. Aregash mzima. Mgonjwa ni wewe."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Nilikudanganya zamani. Leo sikudanganyi. Ni wewe. Siyo vidonda. Ni saratani."

Mama alinyamaza. Wanawake nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, Felekech wa mwisho.

"Mimi?"

"Wewe, mama."

"Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna."

Alitutazama wote, tuliokuwa tumemzunguka na nguo zetu za msiba. "Sasa ninyi," alisema, "mmekuja kunipa pole ya kifo changu mwenyewe? Nimesimama hapa?"

Felekech alicheka kwanza, kile kicheko kinachotoka puani mtu akiwa bado analia. Kisha mama naye. Sikuwahi kuona jambo kama lile na sitaki kuliona tena. Lakini mama alikataa kuingia ndani mpaka asikie sauti ya Aregash. Tukapiga simu Beirut. Aregash alipokea kwa kunong'ona, yuko jikoni kwa bosi wake, ana chakula cha watoto motoni.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka sauti yako."

"Alfajiri hii?"

"Mzee hapangi saa. Rudi kwenye sufuria yako."

Akakata, akanirudishia simu, akaingia ndani akaketi. Hapo ndipo hasira ilipomjia. Hakumpigia mtu kelele. Alimwomba Getahun vile vidonge vyeupe, akavimimina kiganjani.

"Hivi vilikuwa vya nini?"

"Vya tumbo, mama."

"Vya tumbo lisiloumwa. Na kila siku nikakwambia asante."

Getahun alikikunja kifuko kitupu cha vidonge.

"Na pilipili? Pilipili ilinikosea nini?"

"Haikukosea kitu," nilisema mimi.

"Basi ushushe huo mtungi."

Nilimpikia shiro nyekundu ya unga wa dengu na pilipili, nyepesi kama uji ili ipite. Aliinywa kwa kijiko, machozi yakimtoka, na hatukujua ni ya kitu gani. Abba alibariki chakula. Alipokuwa anaondoka mama alimbusu msalaba akamwambia, "Baba, siku nyingine uje saa nne."

*

Jumatano tulikaa watatu mbele ya Daktari Selamawit. Alitoa karatasi zenye maandishi mengi na kusema atazisoma, lakini mama akaniambia nisome mimi. Nilisoma kwa kidole, polepole, na kila sentensi ngumu daktari aliieleza kwa maneno ya nyumbani. Ilichukua asubuhi nzima. Mama alikuwa anauliza kama anayenunua pamba, anageuza kila fungu.

"Hii dawa mpya. Ungempa mama yako?"

"Mama yangu haumwi."

"Angekuwa anaumwa kama mimi."

Daktari alifikiri. "Ningemwambia aingie kwenye kura. Siyo kwa sababu najua dawa itamsaidia. Kwa sababu sijui."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Kwa panya ilifanya vizuri. Kwa watu wachache huko nyuma ilionekana kama inasaidia. Inaweza kusaidia, inaweza isifanye lolote, inaweza kuumiza. Wengine ngozi inawatoka vipele, wengine wanaharisha. Ningekuwa najua kwamba inasaidia, nisingepiga kura. Ningewapa wote."

"Na kwa nini usichague mwenyewe? Una macho. Unamwona nani anastahili."

"Ndiyo tatizo, mama. Nikichagua nitawapa wale wenye nguvu, kwa sababu nawahurumia na nataka wapone. Kisha wakiishi, nitasema dawa ndiyo iliyowaokoa, kumbe ni nguvu zao walizokuja nazo. Kompyuta haimhurumii mtu. Ndiyo maana tunaiachia."

"Panya," Getahun alisema, akitazama dirishani. "Wote ninyi mnazunguka, lakini neno ni panya."

"Panya haulizwi," mama alimwambia. "Mimi naulizwa leo. Mara ya kwanza tangu niugue, Getahun, mtu ananiuliza." Kisha akamgeukia daktari. "Nikichoka?"

"Unaniambia umechoka, unaacha. Hakuna atakayekasirika, na hatutaacha kukutunza."

"Na mkishajua jibu, mtaniambia?"

Daktari Selamawit aliweka kalamu chini. "Itachukua miaka, mama."

Mama alielewa. Nilimwona anaelewa. Mkono wake ulikuwa unakunja na kukunjua pindo la shuka lake. "Basi utamwambia huyu," alisema, akinielekeza kwa kidevu. "Jina lake Wubit. Andika."

Daktari akaandika. Mama akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika mahali alipoonyeshwa, akakitazama. "Mitume nao walipiga kura," alisema, kana kwamba anajijibu.

Tulingoja jibu kwenye benchi la korido. Niliomba kwa nguvu ambazo sijawahi kuomba nazo. Sikuomba mapenzi ya Mungu. Niliomba vidonge.

Nesi alikuja akatuambia: dripu peke yake.

Mama alisema, "Haya." Getahun aliinuka akaenda zake. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi, na hakurudi siku ile.

*

Kwenye chumba cha dripu mama alipata rafiki, Shashitu, mkulima wa ngano kutoka Arsi aliyekuja mjini kukaa kwa mwanawe ili atibiwe. Alikuwa na ugonjwa ule ule, na kura ilimwangukia vidonge. Baada ya muda uso na mikono yake ilijaa vipele.

"Nitazame," alimwambia mama. "Ngozi imekuwa kama injera, matundu matupu."

"Ukimwagiwa mchuzi tu unaliwa," mama alimjibu.

Walicheka mpaka nesi akawaomba wasivute mirija. Lakini Getahun hakucheka. Siku za dripu alikuja, alimbeba mama, alimfunika, na muda wote alikuwa anamtazama Shashitu. Alipima mashavu yake. Alihesabu vijiko anavyokula. Siku moja Shashitu alimaliza bakuli zima la shayiri mbele yetu, na mama alikuwa ameshindwa hata maji. Getahun aliniita koridoni.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kile chakula alichokula ni cha mama."

"Kaka, usiseme hivyo."

"Ulimleta hapa akapigiwa kura kama kondoo wa kugawana. Tungenyamaza, angekuwa nyumbani anatumaini."

Nilitaka kumjibu kwamba tungenyamaza mama angekuwa hapa hapa, kwenye dripu ile ile, tofauti ni kwamba asingejua kwa nini. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikarudi ndani kwa mama.

Dripu zilimsaidia kidogo mwanzoni. Pasaka mama alimeza vipande vidogo vya kuku, mchuzi mwekundu, na mke wa Getahun alikuwa amejifungua msichana. Kisha koo likafunga tena na miguu ikavimba. Siku moja tulipofika hospitali hakukubali kulala kitandani. Aliketi kwenye kiti cha wageni akamngoja daktari.

"Nimechoka," alimwambia.

Daktari Selamawit aliketi karibu naye. Hakumbishia. Alimuuliza kama anaelewa maana yake, na mama akasema anaelewa kuliko wote waliomo chumbani. Daktari akamwomba ruhusa aendelee kupiga simu nyumbani kujua hali yake, kwa ajili ya utafiti, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata nikiacha nabaki kwenye hesabu?"

"Unabaki. Kila aliyeingia anabaki."

"Vizuri. Nisingependa nitoke nusu nusu."

Jioni ile ile alimpigia Aregash. Safari hii alimwambia kila kitu, mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, akimwita kwa jina la utotoni. Tulimsikia Aregash akilia upande wa pili, na mama akimngoja amalize. Bosi wake alimpa ruhusa, akafika mvua zilipoanza. Alimkuta mama bado anaongea. Walilala kitanda kimoja mpaka mama alipokufa, kwenye mfungo wa Mama Maria, asubuhi, Aregash amemshika mguu.

Kwenye mazishi Getahun alipokea mkono wa kila mtu. Mimi alinipita. Baada ya siku ya arobaini, Aregash alipokuwa amerudi Beirut, nilimpelekea Getahun nguo za mtoto. Alikuwa kwenye kitanda chake cha kufumia. Hakuinua kichwa.

"Yule mwanamke wa Arsi," alisema, "bado anaishi?"

"Bado."

"Basi."

Hilo lilikuwa neno la mwisho kati yetu kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimwona kanisani upande wa wanaume, nami upande wa wanawake, tunainama pamoja kwa sala ile ile. Nilimwombea. Nilijiombea pia, kwa sababu usiku mwingi lile neno lake la kondoo lilikuwa likikaa kifuani kwangu. Nilimwuliza Mungu kama nilikosea, na Mungu akanyamaza, na nikaendelea na masomo yangu ya jioni, na kufua, na kumwuliza tena.

*

Daktari Selamawit alipiga simu mwaka wa pili, baada ya sikukuu ya Msalaba, maua ya manjano yakiwa bado mlimani. Alisema jina langu lipo mbele yake, na kwamba alimwahidi mama. Nilikwenda.

Alikuwa amezeeka kidogo. Alinikaribisha kahawa, akanieleza kama alivyomweleza mama, kwa maneno ya nyumbani. Wagonjwa walikuwa wengi, wa nchi kadhaa. Waliopewa vidonge na wasiopewa waliishi sawa.

"Sawa?" nilisema.

"Sawa. Hakuna tofauti. Ila waliopewa waliteseka zaidi, ngozi na tumbo. Dawa haitatumika kwa ugonjwa huu."

"Na Shashitu?"

"Alifariki mwaka jana, kwao Arsi. Wengine huishi zaidi kidogo, wengine pungufu, pande zote mbili. Siyo vidonge."

Niliinama kwenye kikombe. Nilikumbuka jinsi nilivyoomba kwenye lile benchi, nikaona aibu, na baadaye huzuni ikaifunika aibu. Mama alikuwa hana bahati mbaya. Alikuwa hana bahati yoyote, ya huku wala ya kule.

"Kwa hiyo ilikuwa bure," nilisema.

"Wapo watu wanaougua leo ambao hawatapewa vipele vile bila faida. Zaidi ya hapo sina." Alisukuma kikombe chake kando. "Nilitamani isaidie, Wubit. Nilitamani sana."

Nilitoka pale nikapanda moja kwa moja mpaka kwa Getahun. Ilikuwa mchana, mlango wake wazi, kitanda cha kufumia kinagonga. Binti yake alikuwa ameketi sakafuni anacheza na nyuzi zilizokatika.

"Wamepata jibu," nilisema.

Mikono yake ilisimama.

"Wote waliishi sawa. Waliopewa na wasiopewa. Dawa haikufanya kitu. Na Shashitu amekufa."

Mtoto alimtazama, akanitazama.

"Sawa kabisa?"

"Ndivyo alivyosema. Ilifanya tu waumwe zaidi."

"Kwa hiyo angeshinda ile kura..."

"Angekufa. Na vipele juu yake."

Getahun alishusha kichwa mpaka kikagusa kitambaa alichokuwa anafuma. Nilidhani atafarijika. Nilikuwa nimepanda kile kilima chote nikidhani ninamletea faraja. Alilia kama ambavyo hakulia kwenye mazishi, mabega yanatikisika, na nyuzi zilizonyooshwa mbele yake zikatikisika naye.

"Nilikuwa na wewe," alisema hatimaye. "Muda wote huu nilikuwa na wewe wa kukukasirikia."

"Najua."

"Sasa nimkasirikie nani?"

Niliketi ukingoni mwa shimo lake, miguu ndani, pembeni ya miguu yake, mahali alipokuwa anakaa baba zamani akimfundisha kazi. Mtoto alinyanyuka akaja kunipa uzi mwekundu, akarudi kutafuta mwingine. Tulikaa hivyo. Baada ya muda Getahun alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mama aliogopa siku ile ya kidole gumba, maana yeye alikuwa anatazama dirishani na hakuona.

"Aliogopa," nilimwambia. "Mkono wake ulikuwa unakunja pindo la shuka."

"Na hakusema."

"Hakusema."

Alitikisa kichwa. "Nisimulie yote," alisema. "Tangu mwanzo. Mimi sikuwa nasikiliza."

Nikaanza kumsimulia.